Garimoshi Chini ya Kitanda

Kifurushi changu kiliingia Garsen kwa basi la mwisho kabla barabara ya Minjila haijakatwa na maji. Kondakta alinipitishia dirishani, akaniambia niangalie kisilowe, na hata sijamaliza kumshukuru, dereva alikuwa ameshaligeuza basi kurudi lilikotoka. Nilikifunga kwa leso mbili, nikapita njia ya nyuma ya soko nisije nikakutana na mtu wa kuniuliza nimeletewa nini.

Ndani mlikuwa na garimoshi. Lilikuwa mfano mdogo, urefu wa mkono kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni, wa yale magarimoshi makubwa mekundu ya zamani yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara. Yalikuwa na mwili wa vipande vitatu: tangi la maji mbele, boila ya kuchemshia maji na kibanda cha dereva katikati, tangi la mafuta nyuma. Kiwanda kimoja cha ng'ambo kilikuwa kimetoa mfano wake mwaka huo kwa mara ya kwanza, na mimi nilikuwa nimeweka akiba muda mrefu ili nilipate.

Nilizaliwa Voi, kwenye nyumba za reli. Baba alikuwa mtu wa kuongoza ishara za treni, na yale magarimoshi yalipita nyuma ya ua wetu karibu kiasi cha kumfanya mama akimbie kuanua nguo. Nilikuwa mdogo yalipoondolewa, lakini ule mtikisiko kwenye nyayo nilikuwa bado naukumbuka. Kisha nikasoma ualimu, nikaolewa na Mpokomo wa Golbanti, nikaja kufundisha Garsen, kwenye kaunti isiyo na reli hata ya kuonyesha wanafunzi. Mume wangu alinitengenezea meza ya plaiwudi ndani ya stoo, akatoboa matundu ya nyaya, nami nikapanga juu yake reli zangu ndogo. "Haya, stesheni yako hiyo," akaniambia. Nje ya nyumba hakuna mwingine aliyejua. Hatukujaliwa watoto. Mwanamke wa umri wangu asiye na mtoto, akionekana amepiga magoti anasukuma treni, nilijua atasemwa vipi, na nilijua maneno ya nani yangeniumiza zaidi, ya mama mkwe wangu.

Wiki ileile mto ukavunja kingo. Mume wangu alikuwa Hola kwenye kazi yake ya pampu za maji, na barabara ya huko nayo ikafungika. Nilipigiwa simu niende karibu na daraja, kwamba boti imeleta watu kutoka Golbanti. Mama mkwe nilimkuta amekalia gunia la mbegu za mpunga, kuku wawili wamefungwa miguu kando yake, sufuria ameivaa kichwani kujikinga na mvua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko Hola. Hawezi kupita."

Akatazama maji, akanitazama mimi. "Basi nimeletwa kwako," akasema.

Wenzake wa kijijini walipelekwa shuleni kwetu, wakalala kwenye madarasa ninayofundisha mimi. Yeye alikataa. Nyumba yetu ina chumba kimoja cha kulala, sebule na ile stoo. Sebule ilikuwa inavuja. Kwa hiyo wakati yeye anakunywa chai, mimi nilikuwa stoo nang'oa reli na kuzitia kwenye katoni. Meza niliisimamisha ukutani nikaifunika shuka.

"Meza kubwa hivi ya nini?" akauliza alipoingia na godoro.

"Ya kukatia nguo, Mama."

Aliweka gunia lake la mbegu pembeni, akawafungua kuku, na kuanzia hapo stoo ikawa yake. Sanduku la garimoshi likabaki chini ya kitanda changu bila kufunguliwa.

Sijui niueleze vipi msimu ule. Mvua juu ya mabati ilikuwa haituachi hata tusikizane. Maji yalijaa upande wa chini wa mtaa, yakapanda mpaka kwenye kibaraza cha jirani. Wafugaji walipandisha ng'ombe wao kwenye tuta la barabara, na kutwa ilikuwa milio ya ng'ombe wenye njaa. Shule imefungwa, stima haipo, dukani hakuna jipya. Nilikuwa nikitoka mlangoni, napiga hatua chache hadi penye maji, narudi.

Mama mkwe naye alikaa mlangoni uso umeelekea mtoni. "Mpunga wangu ulikuwa umeanza kutoa masuke," alisema kila asubuhi, kama mtu anayetoa salamu. Kisha, "Boti haiendi leo?"

"Haiendi, Mama. Mkondo ni mkali."

"Na kesho?"

Akishakata tamaa na boti alikuja jikoni, akaosha upya sufuria nilizokwisha osha, akahamisha chumvi yangu mahali nisipoiona. Hakunitukana hata mara moja. Nilitamani wakati mwingine anitukane, angalau nami nipate sababu ya kusema.

Kitu kilichonipa pumzi ni kikundi chetu cha simu. Ni watu wachache wa hapa nchini wanaopenda magarimoshi madogo, na wengi wao nawajua kwa sauti tu. Yupo karani mstaafu wa Mombasa, yupo daktari wa meno wa Nairobi, yupo fundi wa stima wa Kisumu. Wote walikuwa wamepokea garimoshi lile jipya, na kila mmoja alikuwa na maoni yake. Simu niliichaji kwa betri ya sola, mchana najifungia chumbani, nawasikiliza kwa sauti ya chini.

"Jamani, wekundu huu si wenyewe," alilalamika karani. "Ule ulikuwa umeiva, umekaribia hudhurungi. Huu ni wa rangi ya kucha."

Daktari alitumia lenzi yake ya kazini kupiga picha za karibu. "Misumari ya boila imepangika kama meno ya mtoto, haina doa. Ila ngazi ya nyuma imepinda, na kishikio kimoja kimekuja kimekatika. Kitu cha bei hii!"

Fundi wa Kisumu hakujali rangi. "Mota ni tamu. Linatambaa taratibu mpaka unamaliza chai halijavuka meza. Lakini hicho king'ora! Wametia cha nchi nyingine. Chetu kilikuwa kizito, kinalia kama mtu mwenye kifua."

Halafu kulikuwa na suala la dereva. Kiwanda kilimweka kibandani mtu mdogo wa plastiki, Mzungu mwenye mashavu mekundu. Daktari alikuwa ameshampaka wake rangi ya kahawia na kumvalisha kofia. Karani akasema kupaka rangi ni kuliharibia thamani. Wakabishana juu ya yule mtu asiyezidi ukubwa wa harage kutwa nzima, mpaka fundi akasema amemng'oa wake kabisa na sasa garimoshi linajiendesha.

Mimi walikuwa wananingoja. Mimi peke yangu ndiye niliyekulia uani kwa magarimoshi yenyewe, na meza yangu, kwa udogo wa stoo, ndiyo yenye kona kali kuliko zote. Kiwanda kilidai garimoshi lile lenye vipande vitatu litapita kona yoyote. Wao kwenye meza zao kubwa hawakuwa na njia ya kujua.

"Mwalimu, umenyamaza," alisema karani. "Limekufikia au halijakufikia? Usitufiche."

"Mvua," nikaandika. "Nitawaambia."

Mchana mmoja mvua ilipopumzika, nilishindwa kuvumilia. Nilifunga mlango kwa komeo, nikalivuta sanduku, nikalitoa garimoshi kwenye sponji yake. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na baridi, likinuka rangi mpya na mafuta ya mashine. Nililiweka juu ya shuka nikapiga magoti kulitazama kwa usawa wa macho. Nikapitisha kidole juu ya boila, nikazungusha gurudumu moja, na fito za pembeni zikasogea pamoja, mbele na nyuma, bila kukwama. Machozi yalinitoka. Sikujua nalilia nini, Voi au ile stoo.

Karani nilimjibu kwa ujumbe wa sauti, nikinong'ona. "Rangi ni yenyewe, mzee. Likitoka kuoshwa lilikuwa hivihivi. Likishakula vumbi la Tsavo ndipo linaiva unavyokumbuka wewe."

"Sasa hayo ndiyo maneno!" akajibu kwa kelele. "Na mkononi, Mwalimu? Ukilishika linakuwaje mkononi?"

Nyumba yetu kuta zake hazifiki juu kwenye paa. Hilo nilikuwa nalijua miaka yote, ila sikuwa nimewahi kuishi humo na mtu mwingine zaidi ya mume wangu.

Nilianza kuliona badiliko kwenye chakula. Mama mkwe aliacha kula nilichopika, akawa anachemsha mihogo yake peke yake. Siku moja, akiwa amenipa mgongo, akauliza, "Mwanangu anajua unaongea na nani humo ndani?"

"Anajua, Mama."

"Anawajua wote?"

"Wote."

Akachochea moto. Jioni yake mume wangu akapiga simu kutoka Hola. Alianza kwa kucheka.

"Mama anasema una wanaume chumbani. Anasema mmoja anauliza ukilishika linakuwaje."

"Ni kikundi cha treni."

"Najua ni kikundi cha treni. Mwonyeshe basi, yaishe."

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Unajua kwa nini."

Akaacha kucheka. Nilimsikia akivuta pumzi kama anayetaka kusema jambo, kisha mtandao ukapotea, au alikata.

Kesho yake nilikuwa nimejifungia tena. Sikuwa na pa kwenda pengine; ukitoa chumba kile, nyumba yote ilikuwa macho yake. Daktari alikuwa anaeleza jinsi ya kunyoosha ngazi iliyopinda kwa maji ya moto, nikasikia mlango unagongwa kwa kiganja.

"Fungua."

Nilifungua. Garimoshi lilikuwa juu ya kitanda, sikuwa na wakati wa kulifunika. Aliingia, akatazama nyuma ya mlango, akatazama dirisha, mwisho macho yakatua kitandani.

"Hiki ni nini?"

"Garimoshi, Mama."

"La mtoto gani?"

Swali hilo nilikuwa nimelingoja tangu nilipoolewa, lakini lilipofika lilinikuta sijajiandaa. "Langu," nikasema. "Hakuna mtoto. Ni langu mimi."

Alikaa ukingoni mwa kitanda kwa uangalifu, asilitikise. "Na wale wanaume?"

Nikamwekea ujumbe wa karani kuhusu wekundu, wote, tangu mwanzo. Kisha wa fundi kuhusu king'ora. Kisha ule ugomvi wa dereva. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza matangazo kanisani.

"Watu wazima hawa wanagombana kwa ajili ya rangi?"

"Wiki nzima sasa."

"Wana wake?"

"Wana wake na wajukuu."

Pua ikamcheza, akacheka kicheko kifupi ambacho sikuwahi kumsikia nacho. Halafu akaliinua garimoshi kwa mikono miwili, akaligeuza kutazama magurudumu. "Linatembea?"

"Likiwekwa kwenye reli zake."

"Reli ziko wapi?"

"Stoo. Chini ya nguo zako. Na ile meza si ya kukatia nguo."

"Hilo nililijua," akasema. "Haina hata alama moja ya mkasi."

Tulilitoa godoro, tukailaza meza juu ya gunia la mbegu upande mmoja na benchi upande wa pili. Kuku tuliwatimulia jikoni. Niliziunga reli, yeye akinishikia taa ya sola, kisha nikaunga nyaya kwenye betri kupitia kile kidude cha kuongeza na kupunguza mwendo. Nikageuza kitufe kidogo.

Garimoshi lilisogea. Fundi alisema kweli, lilitambaa kwa utulivu, fito zikipanda na kushuka, na spika yake ikitoa pumzi nzito za mvuke. Mama mkwe aliweka mkono kinywani. Lilipita upande ulionyooka vizuri kabisa, likaingia kwenye kona. Kipande cha mbele kikatoka nje ya mstari kama ng'ombe anayegeuza kichwa kutazama nyuma, magurudumu ya nyuma yakavutwa, yakaruka reli. Likalala ubavu.

Nilijaribu polepole zaidi. Likaanguka palepale. Nikalijaribu kinyumenyume, likaanguka upande mwingine.

"Linataka nafasi," alisema mama mkwe. "Chumba hiki hakilitoshi."

"Hakitoshi chochote," nikasema, na sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyokusudia.

Akanitazama. "Ulidhani nitasema nini nikiliona?"

Nilikuwa nimechoka kuchunga maneno. "Ungesema ningekuwa na mtoto nisingecheza na vitu vya watoto."

"Mimi?" Akaiweka taa juu ya meza. "Mimi habari ya watoto naijua siku nyingi. Mwanangu alinieleza mwenyewe, mlipotoka kwa daktari. Alisema tatizo ni lake, si lako. Akaniapisha nisikuguse kwa neno lolote, wala nisiache mtu mwingine akuguse. Kuna shangazi zake hawasemi na mimi mpaka leo kwa sababu hiyo."

Garimoshi lilikuwa mikononi mwangu, mafuta yananichuruzika viganjani. Miaka yote hiyo, kila tulipokwenda Golbanti, nilikaa pembeni ya mkeka nimeibeba siri ya mume wangu, nikiamini kwamba mama yake ananiona mimi ndiye mti usiozaa. Mume wangu aliniambia hajamwambia mtu. Nami nilinyamaza ili kumstahi.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Nilidhani unajua. Ulikuwa hukai nami, huongei. Nikasema, ana hasira nasi. Tumemfunga kwa mwanamume asiyeweza kumpa mtoto, na hana pa kwenda."

Watu watadhani nilifarijika. Faraja ilikuja baadaye sana. Kilichonijia kwanza ni ghadhabu, ya kutaka kutoka nitembee mpaka iishe, na hapakuwa na pa kutembea. Maji yalikuwa mlangoni. Basi nilibaki palepale katikati ya stoo nikipumua, na yeye alibaki palepale. Mwisho akachukua kitambaa akanifuta mafuta mikononi.

Jioni ile niliwatumia wenzangu maoni yangu. Niliwaambia garimoshi ni zito na limeundwa kwa mkono mzuri. Rangi ni sahihi kwa siku ya kuoshwa. King'ora ni cha kutupa. Na ahadi ya kiwanda kuhusu kona si kweli, kipande cha mbele kinavuta magurudumu ya nyuma nje, kwa hiyo asiye na meza kubwa asijisumbue. Nikiwa narekodi, mama mkwe akaingilia kati kwa sauti, "Waambie lina kelele ya mashine ya kusaga! Na linapendeza zaidi likisimama!"

Walifurahi kuliko nilivyotegemea. "Huyo mtaalamu ni nani?" aliuliza daktari. Nikamwambia ni mama mkwe wangu. Kuanzia hapo kila walipobishana walidai naye asikilizwe, na yeye, akiwa anachambua mchele, alikuwa akiuliza, "Wale wazee wamesemaje leo?" Chumvi, hata hivyo, aliendelea kuihamisha.

Maji yalichukua muda kushuka. Barabara ya Hola ilipopitika kwa trekta, mume wangu alirudi na tope mpaka magotini. Alipoona meza imelazwa stoo na mama yake ameketi kando yake, alijua. Usoni kwake niliona anajua. Tulizungumza chumbani mchana, kwa sauti ambayo hatukujali inaruka ukuta au hairuki.

"Nilitaka kukupunguzia mzigo," akasema.

"Mzigo gani ulionipunguzia, na mimi nilikuwa bado nimeubeba?"

Alisema aliona aibu, kwamba kumwambia mama yake kulimtoa jasho, na kuniambia mimi kwamba amemwambia kungekuwa kusema mara ya pili. Namwelewa. Kumwelewa hakujamaliza jambo. Hutokea tukiwa tunakula likarudi, kila mmoja akainamia sahani yake.

Mama mkwe alikwenda Golbanti kwa boti ya kwanza iliyokubali, na jua halijachwa alikuwa amerudi. Ukuta mmoja wa nyumba yake umelala, na shamba liko chini ya tope na magogo. Amebaki nasi. Stoo ni yake, kwa hiyo mume wangu aliikata meza kwa urefu, tukapata rafu moja nyembamba sebuleni. Garimoshi linakwenda mpaka mwisho wa ukuta, linasimama, linarudi kinyumenyume. Karani wa Mombasa ameniita mara kadhaa nilipeleke kwake likakimbie kwenye meza yenye nafasi. Mara ya kwanza mama mkwe aliugua homa, mara ya pili shule ilifunguliwa siku ileile, na baada ya hapo nikaacha kupanga.

Mwezi uliopita, Jumamosi, tulikwenda Golbanti wote watatu kutazama shamba. Upande wa juu ulikuwa umeanza kukauka na kupasuka. Mama mkwe alichukua jembe akaanza palepale aliposhukia, na mwanawe akamfuata na panga kukata magogo. Mimi nilisimama kando kitambo, viatu mkononi, nikiwatazama migongo yao. Kisha nikapandisha leso, nikaingia topeni.